Ukiacha Sala, Usiache Jembe

Mafiga, Morogoro

Kwa mpwa wangu mpenzi Zuhura,

Sisi hatujambo, ila mafua ya hapa na pale kwa sababu ya baridi inayoshuka usiku kutoka mlimani. Uluguru haijaonekana wiki nzima, ukungu mtupu. Bibi yako mguu bado unamsumbua, lakini misa ya Jumapili haikosi, na akitoka kanisani lazima apite sokoni kubishana na wauza ndizi hata kama hanunui. Mdogo wako amepanda darasa, na mama yako anaendelea na genge lake pale pale barabarani. Nyanya zimepanda bei, wateja wanalalamika, naye anawajibu kama unavyomjua.

Ninakuandikia kwa mkono, kwenye karatasi, kwa sababu nililo nalo si la kwenye grupu la familia. Siku ya hitma ya babu yako uliandika mle kwamba dua zile haziendi popote, hakuna anayesikiliza, na wali ule afadhali wangepewa wenye njaa. Yamesomwa na kila mtu, mpaka ndugu zetu wa Turiani na Kisaki. Mama yako siku mbili hakula. Bibi yako aliposomewa aliuliza kama umelogwa. Baba yako yeye alinipigia simu usiku akaniambia, "Shemeji, huyu ni wako. Zungumza naye." Na kweli wewe ni wangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mamaye, na likitokea jambo anayeulizwa ni mjomba. Kwa hiyo nisikilize, na usiruke mstari.

Kwanza nikutoe wasiwasi: sikuandikii ili kukulaani, wala sitamwita shehe aje akusomee. Ile rasimu ya mchezo wa filamu uliyonitumia nimeisoma mpaka mwisho, miwani puani. Nimeelewa pia ilikoanzia, ile filamu ya Kimalayalam mliyooneshwa hapo chuoni Mlimani, ya watu wanaogombana juu ya kumwamini Mungu na kumkana. Vibanda umiza vya hapa Mafiga vinatuletea za Kihindi za kupigana na kuimba. Hizo za kufikirisha hazitufikii. Lakini sishangai kwamba imetoka Kerala. Kule Wahindu, Waislamu na Wakristo wanaishi ukuta kwa ukuta, na wakomunisti walishinda uchaguzi tangu mwaka 1957. Mahali kama hapo lazima watu waulizane maswali magumu mezani. Na sisi tunaishi hivyo hivyo, ila maswali yetu tunayameza na chai.

Angalia nyumba uliyotoka. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa Mwislamu wa swala tano. Bibi yako ni Mkatoliki wa Matombo, amebatizwa pale misheni iliyojengwa na mapadre wa Roho Mtakatifu tangu enzi za Wajerumani. Walioana, wakakaa zaidi ya miaka hamsini, na sijawahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake kwamba atachomwa moto. Mwezi wa Ramadhani bibi yako ndiye aliyekuwa akiamka kupika daku. Krismasi babu yako ndiye aliyekuwa akichinja kuku. Na mvua zikichelewa wote wawili hawakuona vibaya wazee wa ukoo wakipanda mlimani kutambika makaburini, kama wazee wao walivyofanya, na kama watu walivyokuwa wakifunga safari kwenda pango la Kolelo, ambalo hata Wazaramo wa pwani waliliheshimu. Ukiwauliza wanatheolojia watakwambia huo ni mchanganyiko usiofaa. Pengine. Lakini ndani ya mchanganyiko huo ndimo ulimolelewa, ukashiba, ukasomeshwa mpaka ukapata akili ya kuukataa.

Sasa nikuambie yangu, ambayo mama yako anayajua nusu tu.

Nilikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili wakati vitabu vya Euphrase Kezilahabi vilipokuwa vinapitishwa mkono kwa mkono. Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilikuwa imepigwa marufuku shuleni, jambo lililotufanya tuitafute zaidi. Lakini kilichonikaa mimi ni Kichwamaji, cha mwaka 1974. Nilikuwa nimemzika mtoto wangu wa kwanza muda si mrefu. Surua ilimchukua kabla hajatamka neno. Nikawa namsoma huyo Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayerudi kwao akiwa haoni maana ya kitu chochote, nikajiona mimi. Siku ya hitma ya mwanangu nilikaa mkekani na wenzangu, wao wanasoma, mimi mdomo umefungwa. Haikutoka hata herufi. Babu yako aliniona. Nilidhani atanikemea mbele za watu. Alikuja akanishika bega, akasema taratibu, "Kama mdomo umegoma, mikono haijagoma. Ndoo zile pale, wageni hawana maji ya kunawa." Nikainuka, nikaenda kuteka maji.

Hali hiyo haikuisha upesi. Msikitini nilirudi baadaye, polepole, na sababu zangu ni zangu, sitazitandaza hapa ili zionekane kama hoja ya kukushinda. Ninachotaka ujue ni kwamba shaka haikuanza na wewe, wala haikuanza na simu janja. Ilishafika kwenye ukoo huu, ikakaa, ikala nasi, na hakuna aliyefukuzwa.

Jingine ulikuwa mdogo lilipotokea, lakini moshi wake uliuona. Tarehe 10 Agosti 2019, asubuhi, lile lori la mafuta lililopinduka karibu na Msamvu, watu wakakimbilia na madumu, kisha likalipuka. Waliokufa walizidi mia moja. Wengine hawakuweza kutambulika, ikabidi zichukuliwe sampuli za vinasaba kabla ya kuzikwa. Ilikuwa tunajiandaa kwa Idi. Mji mzima ulinuka, na swali lako la kwenye grupu lilikuwa kwenye kila kinywa, ila watu waliogopa kulitamka.

Jirani yetu alipoteza kijana wake wa bodaboda. Kwenye matanga alisimama mhubiri mmoja, wa dini ipi sikuambii, akatangaza kwamba marehemu wamelipwa kwa wizi wao, Mungu hadhihakiwi. Mama wa marehemu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale. Na kaburini, mwezi wa nane huo, udongo umekauka mpaka sururu inadunda, aliyechimba kuliko sisi sote alikuwa fundi pikipiki mmoja anayejulikana mtaa mzima kwa kusema hana dini. Alivua shati, akashuka shimoni, hakutoka mpaka viganja vilipochubuka. Tulipoanza dua alisogea pembeni, akasimama kimya, kofia mkononi. Tulipomaliza akarudi kushindilia udongo.

Najua utalidaka hilo. Utasema, "Si unaona, mjomba? Asiyeamini ndiye mtu." Ngoja. Siku zile zile bibi yako na wanawake wenzake wa jumuiya walikuwa wanashinda hospitali na uji wa chupa, wanakaa na vijana walioungua ambao hata ndugu walishindwa kuwatazama. Hakuna aliyewapiga picha. Kwa bibi yako uji ule na rozari ile ni kitu kimoja, huwezi kumwachia kimoja ukachukua kingine. Kwa hiyo usiniletee hesabu ya wema wako wapi na wabaya wako wapi. Hesabu hiyo sikuweza kuifunga wiki ile, na wewe hutaifunga kwa kurasa arobaini.

Sasa nisikie kwenye jambo lenyewe. Haki yako ya kutoamini sina ugomvi nayo, na nchi yako haina pia. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, na wa kuibadilisha. Baada ya sensa ya mwaka 1967 serikali haiulizi mtu dini yake anapohesabiwa. Ukiitwa shahidi mahakamani, sheria inakuruhusu kuthibitisha badala ya kuapa. Mwalimu Nyerere, ambaye misa ilikuwa kama chakula chake, alipowaeleza watu ujamaa katika miaka ya 1960 alisisitiza kwamba kuwa mjamaa hakudai mtu amkane Mungu, na wala dola haina kazi ya kumchagulia raia dini. Huo ndio uwanja uliozaliwa ndani yake. Wapo wenzako wengi duniani ambao wangeulipia.

Lakini kuna kesi moja ilianzia hapa hapa Morogoro, na nataka uitafute maktaba uisome. Inaitwa kesi ya Dibagula. Mwislamu mmoja alikana uungu wa Yesu hadharani, katika mihadhara ya dini iliyokuwa imeshamiri miaka ile. Mahakama ya Wilaya ya Morogoro ikamtia hatiani kwa kutamka maneno kwa nia ya kuumiza hisia za kidini, miezi 18 jela. Watu waliandamana mpaka Dar es Salaam. Mahakama Kuu ikampunguzia kifungo akatoka, lakini hatia ikabaki. Ndipo mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ikaifuta na hatia yenyewe. Mtu akieleza anachokiamini, hata kama kinapingana na imani ya jirani yake, hilo peke yake halimfanyi mhalifu. Lazima ioneshwe kwamba alikusudia kuumiza.

Hapo ndipo nataka uketi, Zuhura. Majaji wenye vitabu vyote vile walilirudisha jambo kwenye nia. Na mimi mjomba wako, nisiye na joho, nakuuliza hilo hilo. Siku ya hitma ya babu yako, saa ambayo mama yako alikuwa anapakua chakula na machozi yakimtoka, uliandika ili kueleza fikra yako, au ili kuuma? Mwaka mzima una siku nyingi. Ulichagua ile. Usinijibu mimi. Jijibu.

Wakenya wana chama cha wasioamini Mungu, kilichosajiliwa rasmi mwaka 2016. Mwaka huo huo usajili ukasimamishwa, wakaenda mahakamani wakadai haki yao. Ila ninachokipenda ni cha mwaka 2021. Katibu wa chama chenyewe alijiuzulu, akasema amempata Yesu. Mitandao ilicheka mpaka ikachoka. Lakini rais wa chama alipotangaza habari ile alimshukuru kwa utumishi wake na kumtakia heri katika uhusiano wake mpya na Kristo. Soma tena sentensi hiyo. Mtu amepoteza katibu, tena kwa upande anaoupinga, na hakutupa tusi hata moja. Kama asiyeamini anaweza kumuaga anayeamini kwa adabu namna ile, wewe unashindwaje na mama aliyekuzaa?

Na adabu hiyo ndiyo iliyokosekana kwenye rasimu yako. Binti wako wa kwenye mchezo ana maneno matamu, anajibu kila kitu, hakosei. Baba yake shehe ni mnafiki, mlafi, hajui hata anachokisoma. Ni rahisi hivyo? Kezilahabi alisoma seminari kabla ya kwenda chuo kikuu. Alikijua alichokitilia shaka. Ndiyo maana Kazimoto wake hashindi mabishano akapigiwa makofi. Anaulipia mtazamo wake, na mwisho anajiua, na msomaji anabaki na kitabu mkononi hajui amlaumu nani. William Mkufya naye, kwenye Ziraili na Zirani ya mwaka 1999, alimchukua mtu asiyeamini akamfikisha Ahera, mahali ambapo mwenyewe alisema hapapo! Kitabu kizima kinatoka kwenye uchokozi huo. Hao ni waandishi wanaojua kwamba kila upande una uzito wake. Mpe huyo shehe usiku mmoja wa kushindwa kulala. Mpe hoja ambayo binti yake hawezi kuijibu. Kisha mpe binti hoja ambayo baba hawezi kuijibu. Hapo nitanunua tiketi, na bibi yako nitamnunulia.

Nimetaja kifo cha Kazimoto, na sitapita juu yake. Usiku baba yako aliponipigia, nilichokiogopa hakikuwa dini. Niliogopa kwamba chini ya maneno yako makali kuna huzuni ambayo hujamwambia mtu. Babu yako alikupenda, na wewe hukuweza kufika kumzika kwa sababu ya mitihani. Ikiwa kinachokusumbua ni hicho, au kuna kingine, nipigie saa yoyote, hata saa nane ya usiku. Kutoamini hakuna haja ya kufichwa, na huzuni haina haja ya kuvaa joho la falsafa. Mjomba hataki hoja hapo, anataka sauti yako.

Basi ninachokutaka ni hiki, na hapa sibembelezi.

Mpigie mama yako kabla ya Ijumaa. Usimwombe radhi kwa unachokifikiri. Mwombe radhi kwa siku uliyoichagua na mahali ulipokisemea. Ni vitu viwili, na mama yako ana akili ya kuvitenganisha kuliko unavyomdhania. Kwenye grupu usijitetee wala usiendelee na mjadala. Wale wajomba zako wa mbali wanaokutumia mawaidha ya sauti ya dakika kumi kumi, wajibu "asante, shikamoo", imetosha.

Muhula ukifunga, njoo nyumbani. Hutalazimishwa kutawadha wala kupiga ishara ya msalaba. Tukisoma, kaa nasi au kaa jikoni, lakini usikae kwenye simu. Kuna msiba, utapika. Kuna kaburi, utabeba maji. Kuna mgonjwa, utamlaza. Ukiacha sala, usiache jembe. Mtu anayesali na akashindwa kufika msibani, watu watasema ataombewa. Wewe ukishindwa kufika, utakuwa umebaki na nini mkononi? Anayesema hakuna wa juu wa kututazama ana kazi kubwa zaidi ya kututazama sisi hapa chini. Huo ndio mzigo wa ulichokichagua, na kama hakuna aliyekuambia, nimekuambia mimi.

Na siku moja utaolewa, utazaa, utazeeka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakuruhusu kufunga bomani, hilo halina neno. Lakini mambo ya jina la mtoto na ya namna unavyotaka uzikwe, useme mapema na uandike. Ukoo usipoelezwa huamua wenyewe, na huamua kwa kelele. Utakachokiandika nitakisimamia nikiwa hai, hata nisipokipenda.

Bibi yako anakusalimia. Nilipomweleza kwamba hujalogwa, ni kwamba unafikiri, alinyamaza kidogo, kisha akasema hata Tomaso alitaka kutia kidole. Akaniagiza nikuulize kama unakula vizuri huko hosteli, maana picha ya mwisho ulikuwa na mashavu ya kuingia ndani. Anakuwekea karanga za kukaanga na kilo mbili za mchele wa Ifakara. Ukifika Msamvu usichukue pikipiki usiku. Nipigie, nitamtuma mdogo wako akupokee. Nauli nitakutumia kwenye simu wiki ya mwisho ya mitihani, si kabla, kwa sababu nakujua.

Rasimu yako nimeiandikia pembeni kwa kalamu nyekundu, kama mwanafunzi wangu yeyote. Ukija tutakaa nayo barazani, ukurasa kwa ukurasa, na bibi yako atataka kusomewa yale ya shehe. Jiandae, maana atakuuliza maswali.

Soma kwa bidii, lala mapema, na usibishane na mtu usiku.

Ni mimi mjomba wako,

Shomari